Klachi Mpya ya Dashnyam

Mume wangu Dashnyam alikata ncha ya mchi wangu wa kusukia maziwa ya farasi bila hata kuniuliza. Akaichonga iwe kijiti cha kushikilia sahani mpya ya klachi isikae upande, wakati yeye na kaka yangu wanarudisha giaboksi chini ya gari letu kuukuu la Kirusi, pale nje ya hema. Nilimnunia tangu chai ya asubuhi mpaka gari likawaka.

"Panda, bibie," akaniambia, grisi hadi masikioni. "Leo hakuna kusukuma."

"Nitakuamini tukifika kileleni."

Tukajipakia sote, na mama yake na watoto, kwenda kwenye mbio za farasi. Klachi ya zamani ilikuwa ikiteleza kila mlima: injini inalia, gari haliendi, nasi tunashuka kusukuma. Kwa hiyo chini ya kilima, Dashnyam alipopunguza mwendo abadili gia, hakuna aliyesubiri kuambiwa. Tukaruka nje, tukainama nyuma ya gari, mikono mbele.

Gari likatuponyoka. Tukaanguka kifudifudi kwenye nyasi, mmoja juu ya mwenzake, nalo likapanda kama mbuzi. Kileleni Dashnyam akapiga honi kuyasalimu mawe matakatifu yaliyorundikwa pale, kama ilivyo desturi yetu, akatokomea upande wa pili, bado anahutubia viti vitupu.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mama mkwe alikuwa amelala pale pale, mikono kainyoosha.

"Mchi kaukata, mke kamwacha," akasema. "Haya, sisi sasa atatusukuma nani?"