Boliti ya Gurudumu la Kushoto

Evelio alilala chali juu ya gunia, chini ya gari la Kirusi la Nereida, akaipaka boliti ya kwanza mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya breki. Gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya vipande viwili vya reli ya treni ya miwa. Bushi za mpira zilikuwa zimekwisha, magurudumu ya mbele yanayumba, na Nereida, mjane wa miaka sabini na mmoja, hakuwa tayari kuacha kujiendesha kwenda misa.

"Unaigonga, unaikaza kidogo, ndipo unailegeza," alisema Evelio. "Ukiivuta kwa pupa inakatika shingo."

"Saa nzima unaibembeleza! Si uioe tu?" jirani Hortensia alipaza sauti toka ng'ambo ya ukuta.

"Bora hii. Haina mdomo."

Pale Caibarién, mji wa pwani, upepo wa bahari hula chuma, na boliti ikishikwa na kutu hufungia ndani yake saa ile iliposhikwa. Wiki iliyotangulia, boliti ya gari la daktari wa meno ilitoa kimbunga kidogo kilichopeperusha nguo za mtaa mzima. Watu walizifuata, wakazianika upya.

Ya kwanza ililegea saa nne asubuhi. Ilitoa Agosti ya mwaka 1993: joto, umeme uliokatika, na Obdulio, marehemu mume wa Nereida, akipiga mluzi huku akimenya ndizi mbichi. Nereida alisimamisha ufagio mpaka mluzi ukaisha. Mungu amrehemu.

"Wimbo bado anaukosea palepale," alisema Evelio.

Ya pili ilitoa moshi wa mashamba ya miwa na vicheko vya watoto waliojazana kiti cha nyuma wakipelekwa kuogelea. Kicheko kimoja kilikuwa cha Yamila, binti wa Evelio, ambaye Nereida alimsimamia ubatizo. Ndiyo maana wazee hawa waliitana comadre na compadre. Yamila sasa yuko Miami. Evelio aliweka spana kifuani akasikiliza, na hakuna aliyemharakisha.

Ikabaki ya kushoto, iliyoshika kuliko zote.

"Hiyo iache, compadre. Inatosha."

"Niiache gurudumu likuchomokee ukienda kumpokea Bwana? Lete lile bomba la kurefushia spana."

Nereida alijua ilishikwa lini. Mwaka 1982 kiwanda cha sukari walikofanya kazi Evelio na Obdulio kililetewa gari moja, na wafanyakazi wakakaa kikao kuchagua nani anastahili kuuziwa. Siku hizo serikali haikupenda watu wa kanisa. Kila mtu alimtaja Evelio, fundi aliyemaliza misimu mitatu ya sukari bila likizo. Gari lenyewe liliegeshwa mlangoni mwa ukumbi walione, na mvua ya chumvi ikalinyeshea kutwa. Jioni lilikwenda nyumbani na Obdulio. Evelio hakuwepo, alikuwa zamu, akiziba bomba la mvuke. Aliambiwa tu kwamba kura hazikutosha.

Sasa Evelio alilichomeka lile bomba refu kwenye mkono wa spana, akashika kichwa cha boliti upande wa pili.

"Mimi naishikilia huku. Wewe vuta, comadre."

Nereida alishika bomba kwa mikono miwili. Angeweza kujifanya hana nguvu. Alifanya ishara ya msalaba, akavuta.

Boliti ililia, ikaachia. Mvua ilinyesha chini ya gari, ikamlowesha Evelio, kisha ikasikika sauti ya Obdulio kijana: "Wenzangu, mtoto wa Evelio alibatizwa kule mjini Remedios, kwa siri. Mfanyakazi wa mfano gani huyo, anayepeleka watoto kwa padri?" Halafu zikasikika nguo zikisuguana, mikono mingi ikiinuka pamoja. Mvua ikakatika.

"Lete mpya," alisema Evelio. "Na grisi."

Nereida alimpa.

"Mimi ndiye niliyemwambia," alisema. "Kitandani. Nilikuwa na furaha tu ya kumshika mtoto."

"Najua. Tulikuwa wanne kanisani pale: mimi, wewe, padri, na Yamila, ambaye hakuwa hata na jino." Aliizungusha nati kwa vidole. "Teremsha jeki. Hizi hazikazwi gari likiwa juu, mpira utajipinda."

Alikaza gari likiwa limesimama chini, akanywa kahawa, akamuuliza Hortensia hali ya goti lake. Nereida alimwekea ufunguo wa gari kiganjani. Evelio aliutazama kidogo, akaurudisha mezani kando ya sukari.

Jumapili gari lilikwenda kimya, limenyooka kama jipya. Evelio alikuwa akipanda kwa miguu kuelekea kanisani, kofia mkononi. Nereida alisimamisha gari kando yake, akamfungulia mlango.

"Panda, compadre. Jua hili."

"Tangulia, comadre. Niwekee nafasi karibu na feni."

Alimfungia mlango taratibu, akajaribu gurudumu kwa kiatu kuona kama linayumba, akaendelea na njia yake. Kwa miaka arobaini na mmoja hakuwahi kulipanda gari lile.