Dakika za Maombi Zisilipwe

Jonah Kemboi alijifunza kusoma akiwa na umri wa miaka thelathini na mbili, katika darasa la jioni la kanisa, na tangu hapo hakuwahi kufungua karatasi bila kwanza kufumba macho. Iwe barua, iwe tangazo la dawa ya kupe dukani, kwanza maombi, kisha kusoma. Alikuwa karani wa Bwana Purohit, wakili wa Kihindi aliyekuwa na ofisi juu ya duka la vitambaa mjini Nakuru, na Bwana Purohit alikuwa amemzoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani inayochelewa.

Mwaka huo wa 1957 mahakama ilimpa wakili kesi ya mkamuaji mmoja wa Gilgil aliyeshtakiwa kwa mauaji. Mshtakiwa akiwa maskini na kesi ikiwa ya kitanzi, serikali ndiyo iliyopaswa kumlipa wakili. Ushahidi ulikuwa vitabu kumi na kimoja vya maziwa, vimefungiwa stoo ya mahakama, wala havikuruhusiwa kutoka. Siku tisa za kazi wakili na karani wake waliketi humo kwenye benchi moja, Jonah akisoma majina ya waleta maziwa, wakili akiandika. Siku ya tisa wakapata walichokitafuta: saa ile mtu alipouawa Njoro, mkamuaji alikuwa stesheni ya Gilgil akikabidhi madebe, na alama ya kidole gumba chake ipo. Akaachiliwa huru. Mkewe akamletea wakili kuku wawili.

Kuku walifika, malipo ya serikali hayakufika. Mara mbili wakili alipeleka dai lake la kusoma ushahidi, muda wa saa nne kila siku, na mara mbili likarudi na maneno ya penseli nyekundu: "Eti mawakili wote husoma saa nne. Lete ukweli."

"Basi!" Bwana Purohit akapiga meza. "Kesi ya maskini sichukui tena mpaka hii ilipwe. Wajisomee wenyewe hayo maziwa yao!"

Jonah angeyapokea maneno hayo kwa subira, lakini kwenye ngazi ya ofisi alikuwa ameketi Cheptanui, aliyekuwa ameshamwomba wakili amtetee ndugu yake Kosgei. Kosgei alikuwa rumande, naye kwa kesi ya kitanzi, na orodha ya mawakili wa maskini ingefungwa Jumamosi saa sita.

"Baba Chemutai," Cheptanui akamwuliza Jonah, akimwita kwa jina la mwanawe, "Bwana wako akikataa, ndugu yangu atapewa nani?"

Jonah hakujua kusema uongo. "Atapewa yule mwingine. Yeye husoma faili akipanda ngazi za mahakama."

"Ngazi zenyewe ni ngapi?"

"Saba."

Cheptanui akashika kichwa. "Mwombe Mungu wako sana."

"Namwomba, mama. Na nitaandika pia."

Mchana huo wa Ijumaa Jonah alitoa daftari lake la darasa la jioni. Kila siku kule stoo alikuwa ameandika humo saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kwa sababu mwalimu wake alisema anayejifunza hesabu ahesabu kitu cha kweli. Akapiga dai upya kwa taipureta, kwa vidole viwili, jasho likimtoka. Bwana Purohit akalitia sahihi bila kulisoma. "Macho yangu yameichoka karatasi hii," akasema.

Kwa hiyo wakili alilisikia dai lake mwenyewe kwa mara ya kwanza Jumamosi, kaunta ya mahakama, likisomwa kwa sauti na msajili, Mzungu mrefu aliyeitwa Bwana Tilbury.

"Jumatatu, muda wa saa tatu na dakika arobaini. Toa dakika sita za maombi." Msajili akainua uso. "Maombi?"

"Wakili alikuwa hajaanza kusoma, Bwana," Jonah akasema. "Alikuwa ananingoja. Serikali haiwezi kulipia hiyo."

"Jonah!" Bwana Purohit akanong'ona, masikio yamemwiva. "Umeandika maombi kwenye hati ya mahakama?"

"Jumatano," msajili akaendelea, "toa maombi, dakika ishirini na mbili!"

"Siku hiyo kulikuwa na mengi, Bwana."

"Alhamisi, toa dakika kumi na tatu. Panya. Hii panya nini?"

"Alitoka kwenye kitabu cha saba, Bwana. Wakili akapanda juu ya benchi."

Makarani wote wakaacha kuandika. Bwana Purohit akatazama dari. Msajili akaagiza mlinzi wa stoo aitwe, na mzee Kipketer akaja akichechemea.

"Mzee, hii mtu aliomba Jumatano?"

"Aliomba, Bwana! Aliombea mshtakiwa, jaji, wakili, mvua ya Rongai, hata mguu wangu huu mbovu. Nilisimama kwa heshima mpaka ule mzima nao ukaanza kuuma!"

"Na panya?"

"Panya hakungoja kuombewa."

Msajili akacheka mpaka akavua miwani. Aliishika penseli nyekundu, akaitazama, akaiweka chini, akachukua muhuri. "Mwizi wa saa anaongeza," akasema. "Sijaona wa kupunguza." Muhuri ukagonga. Dai likapita lote, kasoro maombi na panya.

Jonah akamshukuru Mungu kimoyomoyo, kwa ufupi, maana saa ya ukutani ilionyesha robo saa kabla ya saa sita. Kisha akageuza macho kuelekea dirishani, na wakili akayafuata, akamwona Cheptanui amesimama juani nje, kitambaa cha kichwa mkononi.

Bwana Purohit akashusha pumzi. "Orodha bado iko wazi?"

"Bado," msajili akajibu.

"Andika. Mshtakiwa Kosgei, wakili Purohit. Na stoo hiyo muinunulie paka."

Jumatatu asubuhi walikuwa tena kwenye benchi lile lile, mbele yao rundo jipya la vitabu. Wakili alifungua kalamu yake, akakumbuka, akaifunga tena.

"Anza, Jonah. Na usimsahau mzee mlangoni."

"Mguu upi leo, mzee?" Jonah akauliza.

"Yote miwili," Kipketer akajibu.

Jonah akatazama saa, akaandika dakika kwenye daftari lake, kisha akafumba macho.