Mluzi Ndani ya Gari la Faraj

Mwanaesha aliisikia siku ile ile mumewe alipolileta gari nyumbani, gari kuukuu lenye redio: sauti nyembamba kama sindano, ikipanda kila mafuta yakikanyagwa. Faraj, ambaye kutwa hugonga kutu za meli kwa nyundo huko Kilindini, hakusikia kitu. Alisema mji wenyewe siku hizi umetulia, hata nyenje wa usiku wamehama. Mama yake mzee, Mejumaa, naye hakusikia kitu. Basi wawili kwa mmoja, ikaamuliwa kuwa mgonjwa ni Mwanaesha.

Mejumaa hakuchelewa. Alimwita mwalimu wa chuo cha Kurani, aya zikaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, kombe la kunywa likawa tayari. Mpaka pepo atulie, akasema, mkwewe hatoki. Cherahani za Ganjoni, alikofundisha wasichana kushona, zitamngoja. Hapo Mwanaesha alipandwa na hasira. Kazi aliyoihangaikia sana haikuwa ya kumalizwa na mluzi wa gari.

"Sinwi, mama," akasema, kwa adabu lakini bila kuinamisha uso. "Kombe naliheshimu. Lakini sauti imo garini, haimo kitwani mwangu. Twendeni kwa fundi. Nikishindwa, nitalinwa na sahani yake."

Wakaenda wote watatu Bondeni kwa Ghulam, fundi wa umeme wa magari. Mejumaa alipakata kombe katika chupa. Mwanaesha akajifunika uso kwa buibui, akamwomba Ghulam aiache injini iungurume, kisha, sauti ya redio ikiwa chini kabisa, aiwashe na kuizima apendavyo, kimyakimya. Faraj akacheka. Redio iliyopunguzwa hata isisikike, akauliza, itapigaje kelele?

"Imewashwa," akasema Mwanaesha. "Imezimwa. Bado imezimwa, usinijaribu, Bwana Ghulam. Sasa imewashwa."

Hakukosa hata mara moja. Ghulam akatega sikio karibu na spika, akaisikia naye. Umeme wa dainamo unaingia redioni, akaeleza, na kupunguza sauti hakutoshi kuuzuia. Dawa yake ni kikopo cha kuuchuja, nacho atakifunga sasa hivi. Lakini kwanza alimwita Faraj aweke sikio pale pale, akakanyaga mafuta mpaka Mwanaesha akaziba masikio yake.

Faraj alisubiri, asisikie kitu. Alimtazama fundi, akamtazama mkewe, na kicheko kikamwishia usoni.

"Nyenje hawakuhama, Faraj," Mwanaesha akamwambia taratibu. "Hulia kila usiku."

Alimwonea huruma, lakini hakurudi nyuma. Mejumaa alikuwa ameshaifungua chupa, asijue ampe nani. Mwanaesha akaichukua, akamtilia mumewe mkononi.

"Kombe hili anwe yeye, mama, na kesho umpeleke hospitali akatazamwe mashikio. Mimi kesho niko Ganjoni."