Matabishi ya Donat

Ijumaa asubuhi Pulchérie alifunga makaa ndani ya kipande cha koti la mvua, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku na kitambaa hupitisha maji. Akamwachia jirani binti yake Belise, akateremka hadi mahali mto Sebeya unapoingia ziwani. Tangu mafuriko ya Mei mto umejigawa pale kuwa vijito vingi vya tope, na ukikosea kijito mtumbwi unakwama. Bizumuremyi, mpiga kasia, huwa hakosei. Alimpakia pamoja na wanawake wengine, kila mmoja amekumbatia furushi lake.

Soko linaelea mbele kidogo ya tope, mitumbwi imefungwa ubavu kwa ubavu. Wauzaji ni wale waliochukuliwa na mto. Husemwa mfa maji haachi kutapatapa, lakini hawa walishaacha. Wanakaa wima, nguo zikichuruzika, wanauza kile mto ulichosomba pamoja nao: masufuria, milango, magodoro, mawe. Fedha hawazitaki. Wanataka vitu vikavu, kwa sababu wanasikia baridi.

Pulchérie alishanunua huko sufuria zake na mabati yake. Leo alikwenda kwa ajili ya mawe. Ukuta unaozuia mto nyuma ya nyumba yake una pengo. Lilikuwepo hata kabla ya mafuriko: Sebagabo, mfanyabiashara, alitoa mawe pale mchana kweupe akajengee msingi wa nyumba yake ya wageni. Mto ukapita papo hapo, ukamchukua Donat, mume wa Pulchérie, na kulipanua pengo. Sasa mvua zinarudi, na Pulchérie hana pa kuhamia.

Donat alikuwa mahali pake pa kila Ijumaa, mtumbwi umejaa mawe. Pulchérie alimpa makaa, akachukua kisu chao cha kumenyea viazi. Kisha akaomba nyongeza, ambayo hakuna muuzaji wa Gisenyi anayeweza kumnyima mnunuzi.

"Bon, Donat. Unipe matabishi."

"Unataka nini?"

"Mawe. Kidogo tu. Ukuta iko na tundu bado, na mutoto analala karibu yake. Mi naogopa."

Donat aliyatazama mawe. "Hii yote ni ya Sebagabo. Alishalipa."

Sebagabo alikuwepo, ameketi kwenye boti ya injini chini ya mwavuli. Yeye hulipa kwa saruji, na hakuna kitu kikavu kuliko saruji. Wafu walikuwa wameipakata kama watu wanaoota moto; wengine ilishawagandia mapajani.

"Pole, Mama Belise," Sebagabo alisema kwa upole. "Nikimaliza ghorofa ya pili, yakibaki nitakukumbuka."

Vibarua wake wakaanza kupakia. Hakuna aliyemlaumu, maana mteja mzuri halaumiwi.

Lakini matabishi ni lazima yatolewe. Donat alifikiri, akasogea, akapangusa ubao kwa kiganja na kutandika mkeka kando yake. Akatandika na mwingine, mdogo.

"Hii ni ya kwako. Ile ya mutoto. Mi nitazichunga, mutu asizikalie."

Pulchérie akaitazama mitumbwi mingine. Karibu yote ilikuwa na mikeka mitupu, na mmoja aliutambua: ulisukwa na mama wa jirani yake, naye mwenyewe ameketi kando yake anauchunga. Aliogopa kuliko siku ile ya mafuriko, maana siku ile hakupata nafasi ya kuogopa. Hata hivyo matabishi hayakataliwi, akashukuru.

"Hapa iko baridi sana," Donat alisema. "Siku mutakuya, umuvalishe sweta."

Walirudi Bizumuremyi akipiga kasia kwa nguvu. Juu ya Nyundo, kule mto unakotokea, wingu lilikuwa jeusi, na maji ya vijito yalishageuka mekundu.

Nyumbani, Belise alikuwa amekaa kwenye pengo la ukuta, anakula hindi. Kulikuwa na joto, lile linalotangulia mvua. Pulchérie aliingia ndani, akatoka na sweta, akamvalisha na kufunga vifungo vyote.