Karameli Isiyoonjwa

Jana alasiri, saa ambayo mtu aliyefunga hapaswi kuulizwa swali lolote, niliota sukari imekuja kwangu na inataka kiti.

Kabla sijasema iliketi wapi, nieleze nililala vipi. Hii ni Ramadhani yangu ya kwanza tangu niolewe, na kwetu Tanga bi arusi huwafuturisha wakwe zake mwaka huo wa kwanza, kwa mkono wake mwenyewe, nao hula huku wakimtazama. Wenye akili zao hupika tambi na kaimati, wakamaliza. Mimi, kwa kiherehere changu, nilijigamba mbele ya wifi yangu Nasra kwamba baada ya vyakula vingine nitatoa matunda yaliyokatwa na bakuli la karameli ya moto ya kuchovya. Nasra akauliza kama karameli ndiyo ile sukari iliyoungua. Mama mkwe wangu, Bi Zuwena, yeye alisema tu, tutaona.

Kupika si kazi. Karameli ni sukari, siagi, malai ya maziwa na subira, basi. Kazi ni kwamba kati ya karameli na sukari iliyoungua pana nafasi ya kupepesa macho, na anayezitofautisha ni ulimi, na ulimi wangu umefunga. Mume wangu amefunga. Majirani wote wamefunga. Nilipika baada ya adhuhuri kwa macho na pua tu, nikafunika sufuria, nikakata matufaha, nanasi na ndizi nikayakamulia ndimu yasiwe meusi. Bi Zuwena alikuwa ameshafika, amewahi kama kawaida yake, ameketi sebuleni. Nikajinyoosha kwenye mkeka hapo hapo jikoni, nikisema ni dakika mbili tu za kupumzisha mgongo.

Sukari ikaingia bila hodi. Ilikuwa nyeupe, imevaa vizuri, na ilikaa kwenye sufuria kama mgeni anayeketi kwenye kochi lenye kitambaa kipya.

"Masharti yangu unayajua?" ikauliza.

Nikasema nayajua. Nisiikoroge, na nisiiache peke yake.

"Sitaki kuachwa hata kidogo," ikasema. "Mwaka jana kuna mtu aliniacha akaenda kupokea simu. Sipendi kulizungumzia."

Basi sikuiacha. Nilipotaka kufungua dirisha, sukari ilinifuata mpaka dirishani. Nilipopiga chafya, iliniuliza ninakwenda wapi. Nikakaa karibu nayo nikaisimulia habari za harusi yangu ili isione upweke, na nilipofika pale baba yangu alipolia, kingo zake zikaanza kuyeyuka. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Kisha nikaponyokwa na lile swali la Nasra, na sukari ikashikana mabonge kwa hasira.

"Iliyoungua mimi?"

Nikaiomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima wa mume wangu. Ikalainika, lakini ikasema itamkumbuka Nasra.

Mara tuko uwanja wa Mkwakwani. Sijui tulifikaje, na hakuna aliyeuliza. Majukwaa yamejaa, kila mtu ameshika mwiko, na kipaza sauti kinatangaza kwamba leo hakuna kukoroga. Sufuria iko katikati ya uwanja, juu ya moto mdogo. Sukari inayeyuka taratibu, na watu wote wanawashwa mikono.

Nami nawashwa. Mwiko wangu unanisihi kwa sauti ya chini kwamba nizungushe mara moja tu, ati kazi yake duniani ni hiyo moja na leo unanyimwa. Nauweka chini naukalia. Unaendelea kunisihi kutoka hapo.

Ndipo bwana mmoja wa jukwaa la mashariki akashindwa, akakoroga hewa. Hapo hapo jukwaa lao lote likaganda chengachenga nyeupe, mashabiki na viti vyao. Kipaza sauti kikaeleza bila wasiwasi kwamba hayo ndiyo matokeo ya kukoroga mapema, na kwamba jukwaa la mashariki litaongezwa maji kidogo lianze upya. Wakaongezwa maji. Wakaanza upya. Yule bwana akaonekana amekaa juu ya mikono yake.

Nilicheka mpaka nikasahau kwamba nilikuwa na hofu. Nilipopangusa machozi uwanja haukuwapo, na sukari ilikuwa imekuwa treni.

Ilikuwa treni nzuri, ya rangi ya manjano, na mimi nilikuwa nimekaa dirishani. Kondakta alipita akinikumbusha nishuke panapotakiwa. Stesheni ya kwanza iliitwa Asali. Ya pili iliitwa Kaharabu, kama zile shanga za kahawia. Ya mwisho iliitwa Makaa.

"Na nikipitiliza?" nikamuuliza.

"Wengi hupitiliza," akasema kondakta. "Kule Makaa kuna mji mkubwa sana."

Nikamuuliza treni husimama Kaharabu kwa muda gani. Akaniangalia, akapepesa macho mara moja, akasema ni muda huo.

Hapo nikashikwa na hofu ya kweli. Tulipita Asali, nje kote kumejaa mwanga wa njano na harufu ya maandazi. Baada ya hapo ardhi ikaanza kubadilika rangi, ikawa kama chai isiyo na maziwa, na moshi mwembamba ukaonekana mbele. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja nje, nimeacha kupepesa macho kabisa. Bango la Kaharabu lilipotokea sikungoja treni isimame. Niliruka, na treni nzima ikaruka nami, kwa sababu sukari haikutaka kuachwa.

Siagi ilikuwa inatusubiri kwenye jukwaa la stesheni. Ilikuwa imeambiwa itoke kwenye friji mapema, nayo ilitoka tangu alfajiri, na kwa kusubiri kote huko ilikuwa imelainika mpaka haiwezi kusimama wima. Malai yalikuwa pembeni yake, yamevaa sweta, mtandio wa sufu na soksi, katika joto la Tanga.

"Tumeambiwa tuje vuguvugu," malai yakaeleza. "Tukija baridi huwa tunaruka na kumtemea kila mtu usoni. Si tabia yetu. Ni mshtuko."

Nikayashukuru kwa ustaarabu wao. Siagi ikaikumbatia sukari, malai yakavua sweta yakaingia katikati kidogo kidogo, na stesheni nzima ikafura povu. Povu lilipanda mpaka kwenye saa ya ukutani, likatafakari, likashuka. Chini yake lilibaki rojo zito la kahawia, linang'aa, limetuama kati ya reli na reli. Na harufu, jamani. Harufu ile ilinishika shavu kama shangazi.

Nikaligeukia tufaha lililokuwa karibu, limevaa kanzu, nikaliuliza kama kunusa kunafunguza.

"Kunusa hakufunguzi," likasema tufaha. "Lakini wewe hunusi tena. Wewe sasa unapumua kwa mdomo."

Nikafunga mdomo. Matunda yalikuwa yanamiminika jukwaani kuja kuogelea. Ndizi zilivua maganda, zikayatundika kwenye misumari kwa mpangilio, zikajitosa moja baada ya nyingine zikipiga kelele za furaha. Vipande vya nanasi viliingia kwa makalio. Zabibu zilishikana mikono. Embe moja lenye umri wake lilichovya kidole cha mguu kwanza, likasema pamoto, kisha likaingia lote na halikusema neno tena. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu siku ya ndoa, natamani kuruka, natamani kupiga vigelegele, na nilipofungua kinywa nipige, sufuria ikasema:

"Onja."

"Nimefunga," nikasema.

"Umelala."

"Nimelala nimefunga."

"Nani atajua?"

"Nitajua mimi," nikasema, "na Mungu atajua, na wifi yangu Nasra atajua kabla ya wote."

Sufuria ikasema kama ni hivyo basi sitajua kamwe. Nitaliweka bakuli mbele ya wakwe zangu, watachovya, watanitazama, na kama rojo ni chungu nitaambiwa na nyuso zao. Ilisema kwa upole, na ndiyo sababu niliumia. Nikakaa chini pale jukwaani nikaanza kulia, kwa kuwa ilikuwa kweli tupu. Sikuogopa aibu ya sukari. Niliogopa ile "tutaona." Mtu akishaona, ameona, na mimi nataka kuishi na watu hawa miaka yangu yote.

Ndipo nikamwona Bi Zuwena anakuja. Anatembea juu ya karameli na ndala zake za chooni, wala hazinati. Matunda yanampisha. Akachukua kipande cha tufaha kwenye sahani, akainama, akachovya, akala. Mchana kweupe. Akatafuna polepole kama mtu aliye kwake.

"Mama," nikasema, "bado magharibi."

"Najua."

Nikamuuliza kama amesahau, maana aliyesahau ana ruhusa yake.

"Sikusahau, mwanangu. Nina vidonda vya tumbo. Daktari amenikataza kufunga mwaka huu, na sijamwambia mtu. Mtu mzima kama mimi, nakunywa maji nimejifungia chooni. Naona haya."

Kondakta wa treni, aliyekuwa karibu, akajifanya anasoma saa.

Bi Zuwena akachovya tena, akafumba macho. Matunda yote yakatulia ndani ya rojo yakingoja hukumu, ndizi zimeshika pumzi.

"Haikuungua," akasema. "Umeiwahi vizuri. Ila ni tamu tupu, haina wa kubishana naye. Chumvi mmeiacha wapi?"

Chumvi ilikuwa nje ya stesheni, imesimama juani. Ilisema haikualikwa. Ilisema mahali penye sukari huwa haialikwi, imeshazoea, na haidai kitu. Bi Zuwena akaenda mwenyewe kuichukua, akaileta kwa ncha za vidole vitatu, akaiachia juu ya rojo. Chumvi ikazama. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha karameli ikaanza kucheka. Ilicheka kutoka chini, ikatikisa reli, matunda yakarushwa juu yakashuka yakarushwa tena, sukari ikapiga kelele kwamba haijawahi kujisikia tamu hivi maishani mwake, na mwiko, niliokuwa bado nimeukalia, ukaomba ruhusa kwa mara ya mwisho. Nikauachia. Ukakoroga kwa furaha mpaka stesheni ikazunguka.

"Usiseme," Bi Zuwena akaniambia huku tunazunguka.

"Mimi nimelala, Mama," nikamwambia. "Nani humsikiliza mtu aliyelala?"

Nikaamka. Shavu langu lilikuwa na alama za mkeka. Sufuria ilikuwa jikoni imefunikwa vile vile, sahani ya matunda ipo, na sebuleni palikuwa kimya. Nilifunua nikatazama rojo. Lilikuwa kahawia, limetulia, halina la kuniambia. Nikajiona mjinga kwa kulitazama nikitarajia lizungumze, nikaenda kukaanga sambusa.

Magharibi ilipoingia tulifungua kwa tende na maji, tukasali, tukala vyakula vya kawaida. Kisha nikaipasha karameli kwa moto mdogo, nikaimimina kwenye bakuli, nikaleta mezani pamoja na matunda. Mume wangu akanipokea sahani. Sikukaa. Nilisimama karibu na mlango wa jikoni, tayari kukimbilia.

Nasra alikuwa wa kwanza kuchovya ndizi. Akachovya ya pili kabla ya kumeza ile ya kwanza, akamnyang'anya kaka yake kipande cha nanasi, akachovya na hicho.

"Wifi, umetia nini humu?" akauliza. "Ni tamu, lakini kuna kitu kinauma kwa mbali."

Sikutia kitu. Siagi yangu haikuwa na chumvi, na kopo la chumvi sikulishika mchana kutwa. Nilifungua mdomo niseme hivyo, macho yangu yakaangukia upande wa Bi Zuwena.

Alikuwa ameinamisha kichwa anavuta tasbihi, midomo inacheza. Lakini tasbihi ilikuwa haiendi. Punje mbili zilikuwa zimegandana na uzi wake, na kila akizisukuma kwa kidole gumba zinarudi pamoja. Kati yao palikuwa na tone la kahawia linalong'aa, la karameli yangu. Kumbe alikuwa ameingia jikoni nilipolala.

"Chumvi kidogo," nikamjibu Nasra. "Bila chumvi inakuwa tamu tupu."

Bi Zuwena aliinua uso. Tukatazamana muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu baina ya mkwe na mkwe.

"Saumu yako ikubaliwe, mwanangu," akasema.

"Na yako, Mama," nikasema.

Nikaingia jikoni nikalowesha kitambaa kwa maji ya moto, nikaja kukiweka mapajani mwake kama mtu anayeokota kijiko. Akakiingiza chini ya mtandio, akafuta punje zile moja baada ya nyingine. Kisha akamzuia Nasra mkono, akachukua kipande cha mwisho cha ndizi, akakichovya mpaka katikati na kunipa mimi nile, kwa kuwa nilikuwa bado sijaonja.