Shahidi wa Gundi Nyeusi

Globu zilizokufa zote zilikuwa zimekatikia mahali pamoja. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiona Sabina Garrahan, na alikiona kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzivunja.

Zilirudi kwenye kiwanda cha taa ndani ya mapipa yaliyojaa nyasi kavu, kutoka hoteli za New York, kutoka melini, kutoka nyumba za watu wenye farasi sita. Nyingine zilikuwa zimekuwa nyeusi kwa ndani kama chungu. Sabina alizitia moja moja kwenye gunia, akazigonga kwa nyundo ndogo, kisha akachomoa kwa koleo zile nyaya mbili fupi za platini zilizopenya kioo cha shingo. Platini ilikuwa ghali. Kila jioni karani alikuja na mizani yake kuichukua. Vipande vya kioo vilivyobaki vidoleni vilikuwa vyake Sabina.

Uzi wa ndani ulikuwa mwanzi uliochongwa mwembamba, ukachomwa mpaka ukawa kaa, ukapindwa kama pini ya nywele. Miguu yake miwili ilishikizwa kwenye platini kwa shaba. Kazi hiyo ilifanywa ghorofa ya pili na wasichana kumi na wanane, waliochovya kila uzi kwenye beseni la dawa huku umeme ukipita, wakisubiri shaba ijikusanye taratibu kuuzunguka mguu. Trei moja ilikula nusu ya asubuhi. Na hapo hapo, kwenye shaba, ndipo globu zilipofia. Mguu mmoja ulikuwa umeachia. Sabina aliona hivyo kwenye pipa la kwanza, la pili, la kumi. Hakumwambia mtu. Wasichana wa kiwandani walimwita Bibi Kimya.

Siku moja ya Februari mkate wake wa mchana ulidondosha molasi juu ya jiko la chuma lililokuwa kwenye pembe yake. Ilitoa moshi, ikatulia, ikawa nyeusi. Alipojaribu kuikwangua, ncha ya kisu ilivunjika. Alikaa akiitazama. Kesho yake alisaga nyuzi zilizokufa zikawa unga, akauchanganya na molasi, akaubandika mguu wa uzi mzima kwenye waya wa platini, akaukausha juu ya jiko kisha akautia motoni mpaka ukawa mwekundu. Ulipopoa aliuvuta. Uzi ulikatika katikati. Kiungo kilibaki.

Alirudia mara kumi na moja kabla hajathubutu kufikiri kwamba kinaweza kumfaa kwa jambo lolote.

Jambo lenyewe lilikuwa moja tu. Dada yake Honora alikuwa na mwaka wa nne chumba cha pampu. Huko wanawake walinyanyua chupa za zebaki hadi juu ya vichwa vyao na kuzimimina kwenye mirija mirefu; zebaki ikashuka tone kwa tone, ikiburuta hewa kutoka ndani ya globu hadi isibaki kitu. Iliyomwagika iliingia kwenye nyufa za sakafu. Honora alikuwa na miaka ishirini na sita. Ufizi wake ulikuwa wa buluu, mto wake uliamka umelowa mate, na mikono yake ilitetemeka hivi kwamba siku hizi Sabina ndiye aliyemfunga vifungo. Wanawake wawili wa chumba kile walikuwa wamepelekwa makwao kwa mkokoteni mwaka ule. Mmoja alikuwa amekwisha kuzikwa.

Basi Sabina akamngoja nyapara kwenye ngazi.

Bwana Mulvihill alikuwa mtu wa kwao, wa Roscommon, ng'ambo ya bahari, parokia moja. Yeye ndiye aliyewatafutia kazi hawa dada wawili waliposhuka melini.

"Bwana Mulvihill."

"Lo! Bibi Kimya ana ulimi!" Akageuka kumwita Ottilie, msichana wa Kijerumani wa mabeseni, aliyekuwa akipita na trei. "Ottilie, njoo usikie, leo globu imesema!"

"Mwache bwana, utamfanya alie," alisema Ottilie. "Sabina, mpige hiyo nyundo yako."

Sabina alifungua leso. Mulvihill alikichukua kile kiungo akicheka bado. Akakivuta. Akakipeleka dirishani, akakivuta tena. Kicheko kiliisha.

"Nani mwingine kaiona hii?" aliuliza, Ottilie alipokwisha kupita.

"Hakuna."

"Hata dada yako?"

"Hata yeye."

"Vizuri sana. Unataka nini?"

Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Alitazama viatu vyake. "Honora atoke kwenye pampu. Apewe meza ya nyuzi, ghorofani."

"Hilo tu? Mwanangu, mama yako na mama yangu walichota maji kisima kimoja. Honora si dada yangu? Nionyeshe unavyoichanganya, na mwezi ujao ukianza, yuko dirishani anaota jua."

Alimwonyesha. Mulvihill alimtaka arudie mara tatu, akiandika kwenye daftari: molasi kiasi gani, unga kiasi gani, motoni muda gani. Ya nne aliifanya mwenyewe, na ilipotoka vizuri alimpiga Sabina begani kama mwanamume mwenzake. Jioni ile, njiani, Sabina aliimba. Honora alisimama katikati ya barabara akamtazama.

"Una nini wewe?"

"Utajua."

"Usiwe umempenda Mulvihill, nitakupasua."

Wakacheka mpaka Honora akakohoa.

Wiki mbili baadaye Sabina aliitwa ofisini saa sita mchana. Hakuwahi kupanda mpaka huko. Palikuwa na zulia, na hakujua kama aliruhusiwa kulikanyaga, akasimama pembeni yake. Mulvihill alikuwa amevaa kola. Kando yake walikuwepo karani wa platini na mwanasheria mmoja mwenye saa ya mnyororo, ambaye aliifungua saa ile na kuifunga.

"Huyu ndiye?" mwanasheria aliuliza.

"Ndiye. Anaandika jina lake, masista walimfundisha. Sabina, ile habari yetu imefika pazuri. Weka jina lako hapa, chini ya la karani."

"Ni ya Honora?" aliuliza kwa sauti ndogo ambayo karani hakuisikia, akaomba arudie. Hakurudia.

"Kila kitu kimo humo," alisema Mulvihill. "Andika, mwanangu. Bwana mkubwa ana treni."

Sabina alikuwa ameacha shule darasa la tatu, mwaka ambao viazi vilioza shambani. Aliinamia karatasi ile kwa muda. Kisha akachukua kalamu akaandika jina lake lote, herufi moja moja, bila kudondosha wino.

Mwezi ulipoanza, mabeseni ya shaba yalitolewa nje yakapangwa uani kwenye mvua. Mahali pake paliletwa bakuli sita za udongo na brashi ndogo. Wasichana sita walipaka gundi nyeusi ambayo ilikauka kabla hujamaliza kupiga chafya. Wale kumi na wawili waliobaki waliambiwa wachukue shali zao. Mulvihill alisimama mlangoni akiwapa pole kwa mkono, mmoja mmoja.

"Msinilaumu mimi," aliwaambia. "Molasi ilianzia kule chini, kwa Bibi Kimya."

Ottilie alishuka mpaka kwenye pembe ya Sabina. Alikuwa amekwisha kuvaa kofia.

"Ni kweli ni wewe?"

Sabina alitikisa kichwa kukubali.

"Mimi nikikugawia soseji zangu, wewe unanipikia hii?"

"Sikujua watawafukuza."

"Ulidhani watatufanyia nini? Watatupa likizo?" Akalipiga teke pipa la globu, likaanguka, akaondoka akikanyaga vioo.

Honora hakupanda ghorofani. Zamani trei nne za globu zilifika chumba cha pampu kabla ya chakula cha mchana. Sasa zilifika kumi, na nyingine zikapangwa kwenye korido zikisubiri. Honora aliyekuwa akiangalia pampu tano alipewa kumi na moja. Alikimbia kutoka mrija hadi mrija na chupa nzito kichwani. Juma la pili aliangusha moja. Waliwekwa wanne kupiga magoti wakiikusanya zebaki kwa kadi na mikono mitupu, kwa sababu nayo ilikuwa ghali.

Sabina alipanda ofisini bila kuitwa. Mulvihill sasa alikuwa na mlango wa kioo wenye jina lake.

"Funga, unaingiza baridi."

"Uliahidi, Bwana Mulvihill."

"Niliahidi kusema, na nimesema. Unajua wakubwa wamenijibu nini? Globu zinashuka kama mvua, watu wa pampu hawatoshi, halafu tumtoe mzoefu? Sasa nani kazileta globu zote hizo, Sabina? Mimi?"

"Gundi ni yangu."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha. Alifungua droo taratibu, akatoa karatasi, akaigeuza imwelekee.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Hapa pameandikwa kwamba mimi, Thaddeus Mulvihill, nimevumbua gundi ya nyuzi za taa. Na hawa wawili ni mashahidi. Karani, na wewe. Ukienda kusema vingine, unamwambia hakimu kwamba ulitia jina lako kwenye uongo. Unataka hivyo?"

Sabina alirudi nyuma hatua moja kutoka mezani.

"Nilijua hutaki. Wewe ni mtoto wa watu." Akairudisha karatasi ndani. "Mwandiko mzuri, lakini. Mungu awabariki wale masista."

Habari ilienea parokiani, kwa kuwa karani alikuwa mlevi. Baada ya Misa wanawake walimzunguka Sabina nje ya kanisa, wakamshika mikono. Maskini, walisema, kumdanganya mtoto asiyejua kusoma! Padre alisema Mungu ameona. Mulvihill alipita na mke wake, akawavulia kofia, na wanawake wale wale wakamwitikia, maana waume zao walikuwa wakitafuta kazi.

Honora ndiye aliyemtetea kuliko wote. Alimtetea sokoni, dukani kwa mwuza mkaa, hata mbele ya mama yake Ottilie aliyewatukana kutoka dirishani. "Mdogo wangu hana kosa!" alipaza sauti akiwa ameshikilia nguzo ili mikono isionekane. "Wamempa karatasi asiyoweza kuisoma! Wewe ungefanyaje?"

Mwezi wa Juni Honora hakuweza tena kushika kijiko. Kazini alikwenda bado. Chupa za zebaki aliweza kuzikumbatia kwa mikono miwili kifuani, lakini supu haikumbatiwi. Jumapili hiyo Sabina alimkalisha karibu na meza, akamfunga kitambaa shingoni, akaanza kumlisha kabichi iliyopondwa. Jino moja lilitoka pamoja na kijiko cha tatu. Honora alilitema mkononi, akalitazama, akaliweka ukingoni mwa sahani.

"Usilie," alisema. "Nakwambia kila siku. Si wewe uliyefanya hivi. Mtu asiyejua kusoma halaumiwi kwa kilichoandikwa. Nipe kingine."

Sabina alijaza kijiko. Hakukiinua.

"Dada."

"Nini?"

"Ofisini, ile siku. Mstari wa kwanza kulikuwa na jina lake, na mbele ya jina kuna neno. Mvumbuzi. Nalijua neno lile. Liko chini ya picha ya yule mzee mwenye kiwanda, iliyotundikwa mlangoni, nalisoma kila asubuhi naingia. Jina lako nililitafuta karatasi nzima, halikuwemo."

Honora alikuwa ameacha mdomo wazi akisubiri chakula.

"Nilisoma, dada. Nilielewa. Yule bwana alikuwa ameshika saa yake, wote wamesimama wananingoja mimi, na mimi niliona haya kuwachelewesha."