Nusu ya Nini

Saa tano asubuhi kompyuta kubwa ya chuo cha Mama Walid, pale mtaani Satellite, ilikataa kuwaka, na mtihani ulikuwa saa nane. Skrini nane za wanafunzi zote ziliitegemea hiyo moja. Aliyeigusa mara ya mwisho ni Adhis, fundi mpya, ambaye wiki zake mbili za majaribio zilikuwa zinaisha siku hiyohiyo.

Tena aliigusa kwa nia njema, masikini. Mashine ilikuwa na megabaiti tisini na sita za memori, lakini kiini cha Linux, ile programu inayoamka kwanza na kuendesha mashine yote, kiliona sitini na nne tu. Nashon, aliyemfundisha kazi, alimwambia kwa simu, "Iambie mem ni tisini na sita, itaskia." Adhis akaandika mem=96, akawasha upya. Kimya.

"Umeichoma?" Mama Walid aliuliza, kwa upole uliouma kuliko matusi.

"Sijui, Mama Walid. Nipe dakika kidogo."

Akatoka kumpigia Nashon simu; haikushikwa. Njaa nayo ikamkaba. Akasimama kwenye duka la jirani la Wagaki, aliyekuja mjini juzi tu.

"Nipe nusu."

"Nusu ya nini?" Wagaki akauliza. "Mkate ama sukari?"

Laini Saba, alikozaliwa Adhis, hakuna mwenye duka angeuliza hivyo: asubuhi nusu ni mkate, jioni ni sukari, basi. Adhis akashtuka. Tisini na sita ya nini? Akatimua mbio kurudi chuoni.

Kiini kikiamka hakijui lolote. Kabla ya kugawa memori huamini unachokiambia, na usipotaja kipimo hudhani unasema baiti. Baiti tisini na sita hazitoshi hata barua ya salamu. Kiini kilikosa hata pa kukaa chenyewe.

Safari hii aliandika mem=96M, M ya megabaiti. Maandishi yakaanza kuteremka kwenye skrini, na memori yote ikahesabiwa. Adhis akaketi sakafuni, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Imerudi, Mama Walid. Ni herufi moja tu nilisahau."

"Alhamdulillah," Mama Walid akasema, akaegemea ukuta.

Wagaki akatokea mlangoni, nusu mkate mkono huu, nusu kilo ya sukari mkono ule. "Dada, ulitoroka bila kusema ni gani. Nimeleta zote."

Adhis akanyoosha mkono kuchukua mkate.

"Acha na sukari pia," Mama Walid akamwambia Wagaki. "Huyu bado tuko na yeye."